Swali la Saba

Mke wangu Nthenya aliniomba nimwandikie historia yake ya mazishi akiwa bado hai, kisha nimsomee aisikie kwa masikio yake. Aliniomba hivyo Jumanne moja asubuhi, mwezi wa saba mwaka wa 2000, huku akinywa uji, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia chumvi imeisha.

"Za watu umeandika," akasema. "Yangu sitaki nisomewe nikiwa kwa sanduku. Nataka kusikia."

Nilimwambia aache mazungumzo hayo, atapona. Akaniangalia tu. Tulikuwa tumerudi kutoka hospitali Nairobi wiki mbili kabla ya hapo, na daktari alikuwa ametueleza kwa upole kwamba uvimbe wa tumboni umeenea, kwa hivyo tukae naye nyumbani na tumpe anachopenda kula. Nthenya alimsikia daktari vizuri. Mimi ndiye niliyejitia uziwi.

Jina langu ni Ndambuki. Nimefundisha shule za msingi huku Kalama kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu watu bado wananiita mwalimu. Kwetu mtu hazikwi kabla historia yake haijasomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliolewa na nani, ameacha nani, aliugua nini. Anayeziandika historia hizo ni mimi. Nilimwandikia mwalimu mwenzangu mwaka wa 1979, kwa huruma tu, na tangu siku hiyo sijapumzika. Mtu akifa ng'ambo ya mto, kabla mbao za jeneza hazijanunuliwa, kuna mtu amesimama uani kwangu akiuliza kama mwalimu yuko.

Kufikia mwaka huo nilikuwa nimeandika sitini na moja. Nimewafanya walevi kuwa watu wa watu. Nimewafanya wachoyo kuwa waangalifu wa mali. Mzee mmoja aliyewafukuza wake zake wawili nilimwandika kuwa mtu aliyependa nidhamu, na waombolezaji wakatikisa vichwa kwa heshima. Sikuona ubaya wowote. Nilijiambia kwamba siku ya mazishi si siku ya kuanika nguo za ndani za mtu.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Nina daftari lenye jalada la buluu, na katika ukurasa wa kwanza kuna maswali kumi. Nikifika nyumba ya msiba napiga hodi, natoa pole, nakunywa chai, kisha naketi na wanaume wa ukoo na kuwauliza swali la kwanza hadi la kumi. Swali la kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo kwa kawaida hakuna anayeijua. La saba ni watoto ni wangapi. La kumi ni wimbo alioupenda marehemu. Nikishapata majibu, saa mbili zinanitosha, na mara nyingi zinabaki.

Kwa hivyo nilidhani ya Nthenya, mtu niliyeishi naye tangu mwaka wa 1966, ningeiandika kwa siku moja. Nilimaliza wiki tatu bila kuvuka nusu ukurasa.

Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya kila upande. Mvua ya mwezi wa nne ilikuja siku tatu ikaaga. Ng'ombe wetu wawili walikuwa wamebaki mbavu na macho. Muthoka, mwanangu mkubwa, alikuwa amepunguzwa kazini serikalini, akahamia Kithimani kujaribu biashara ya vitunguu, na kila nilipoongea naye alisema mambo yatakuwa sawa kwa sauti ya mtu asiyeamini. Mwelu, kitinda mimba wetu, aliacha cherehani yake Katangi akaja kumuuguza mama yake. Kila alfajiri nilikwenda na punda mtoni, tukapanga foleni kwenye mashimo ya mchanga, nikarudi saa tatu na mitungi minne. Kisha tulimwosha Nthenya, tukampa dawa, tukabadilisha shuka. Ndipo nilipoketi barazani na karatasi yangu.

Niliandika mahali alipozaliwa. Niliandika ubatizo na masomo. Niliandika harusi yetu. Kisha kalamu ilisimama. Siku ya kwanza niliwalaumu kuku kwa kelele zao, nikawafukuza hadi nyuma ya choo. Siku ya pili nililaumu kalamu, nikanunua nyingine. Siku ya tatu nilibeba meza nikaipeleka chini ya mti wa mparachichi, nikafukuzwa na siafu. Nilikwenda hadi shuleni nikaomba kona katika chumba cha walimu, na vijana wale wakanipa chai na kunisimulia habari za mishahara yao mpaka jioni. Kila mara kalamu ilisimama palepale, baada ya harusi, na kila mara nilitafuta wa kumlaumu. Karatasi nilizozitupa Mwelu alizitumia kuwashia moto. Kusema kweli niliogopa. Nilianza kuamini kwamba nikiweka nukta ya mwisho, yeye naye atakwenda.

Nthenya hakuniharakisha. Aliuliza mara moja tu kila asubuhi, "Imefika wapi?" Nami nilijibu, "Iko njiani." Alikuwa anapungua kila wiki. Mikono iliyokuwa ikibeba debe la maji bila kutetereka sasa haikuweza kushika kikombe kilichojaa. Nilijua kwamba nisipoandika mapema atakufa bila kusikia, na kwamba katika maisha yetu yote hilo ndilo jambo pekee aliloniomba ambalo hakuna mwingine angeweza kumfanyia.

Basi nikafanya jambo la aibu. Nilishuka Machakos mjini kwa Ngigi.

Ngigi ana duka la kuchapa karibu na stendi ya magari. Ni mtu wa Thika, alikuja huku na mashine moja ya taipu, sasa ana kompyuta, na Kikamba chake kinachekesha lakini kinaeleweka. Historia zangu zote yeye ndiye anayezichapa. Nilimweleza kwamba mama mgonjwa, kichwa hakifanyi kazi, maneno yamekataa.

"Mwalimu, mbona unajitesa?" akasema. "Ziko zote hapa kwa diskette. Tunachukua moja ya mama, tunabadilisha jina, tunabadilisha kijiji, unaenda nayo leo."

Alizifungua moja baada ya nyingine nikisimama nyuma yake. Mama mcha Mungu, mkarimu, aliyependa kazi ya mikono yake. Mama mkarimu, mcha Mungu, aliyependa kazi ya mikono yake. Hakuwahi kukosana na mtu. Aliugua kwa muda mfupi akivumilia kwa imani. Nilizisoma kama kumi na mbili, na kama si majina, nisingejua nani ni nani. Ngigi hakuwa ananidharau. Alikuwa ananisifu, akasema maneno yangu ni mazuri, yanamfaa kila mtu. Nilijisikia vibaya sana, lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia abadilishe jina.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya vilima, niliketi kando ya kitanda nikamsomea Nthenya. Nilisoma kwa sauti yangu ya makaburini, ile watu wanaipenda. Alinisikiliza akiwa amefumba macho mpaka mwisho.

"Ni nzuri," akasema.

"Asante."

"Hii ni ya mama yake Kalondu. Nilikuwa nimekaa mkeka wa mbele siku ulisoma." Akafumbua macho. "Na kabla ya yeye, ilikuwa ya nyanya mmoja wa ng'ambo ya mto. Mimi si mjinga, Baba Muthoka."

Nilikunja karatasi ya Ngigi mara nne, nikaitia mfukoni, nikaangalia ukuta. Nilitamani anitukane, lakini Nthenya hakuwa mtu wa matusi. Alivuta pumzi.

"Ukienda kwa watu, unaanzaje?" akauliza.

"Napiga hodi. Nauliza maswali."

"Mimi umeniuliza lini?"

Nikamwambia sikuona haja, kwani nilikuwa namjua.

"Kesho asubuhi chukua daftari yako," akasema. "Utoke nje, upige hodi kama kwa watu."

Asubuhi yake nilirudi kutoka mtoni, nikavaa koti langu la mazishi, nikachukua daftari la buluu na kutoka nje. Mwelu alikuwa anasugua sufuria uani. Alinitazama nikisimama mbele ya mlango wangu mwenyewe kama mgeni, akaacha kusugua.

"Hodi hapa," nikasema.

"Karibu. Ni nani?"

"Ni mwalimu Ndambuki. Nimekuja kuwapa pole."

Nikamsikia akicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Asante, mwalimu," akasema alipotulia. "Kaa chini. Mwelu, letea mwalimu chai."

Nilikunywa chai, nikafungua ukurasa wa kwanza. Swali la kwanza, tarehe ya kuzaliwa, hakuijua, lakini alisema mama yake alimwambia ilikuwa mchana wa jua kali, mwaka nzige walipomaliza mtama. Swali la tatu, masomo, nilikuwa nimeshaandika kwamba alisoma hadi darasa la nne, akaacha kwa hiari. Akaniambia nifute.

"Nilikuwa namba moja. Watoto arobaini na mbili, mimi namba moja. Baba alinitoa ndio ndugu yangu aingie."

"Hujawahi kuniambia."

"Wewe ni mwalimu. Ungeniuliza."

Niliandika. Swali la tano, kazi, alisema niandike kwamba kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyeshika fimbo ya kupimia katika mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaochimba matuta ya kuzuia udongo, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kila mama hupimiwa sehemu yake kwa fimbo hiyo. "Andika hakuna mtu alisema nimempimia ndefu kuliko mwenzake," akasema, na nilipomtazama usoni niliona fahari ambayo sikuiona hata siku ya harusi. Kurasa zilikuwa zinajaa. Kalamu iliyonikatalia wiki tatu ilikuwa inateleza.

Tukafika swali la saba. Niliuliza, "Watoto ni wangapi?" na kabla hajafungua mdomo nikaandika watano.

"Umeandika na sijajibu."

"Si ni watano? Muthoka, Nzisa, Ndanu, Mutindi, na Mwelu huyo hapo nje."

"Nimezaa sita," akasema Nthenya.

Hapo nikaelewa kwa nini kalamu ilikuwa inasimama palepale kila siku. Kuku hawakuwa na kosa.

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Akina mama hukusanyika, jina likatajwa, na siku inayofuata baba humvika mtoto shanga shingoni, ndipo anakuwa mtu. Kabla ya hapo hahesabiwi. Kimila bado ni wa wale waliotangulia, na wanaweza kumtaka wakati wowote. Sisi tulikuwa wakristo, tulikuwa tumefunga ndoa kanisani, lakini mambo hayo hayakuwa yametoka mwilini mwetu. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alizaliwa mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1967, akaishi siku moja na usiku wake. Marehemu mama yangu alimfunga kwa kitambaa akanikabidhi. Aliniambia nimpeleke haraka, nisimwonyeshe Nthenya mahali, na nisimtaje tena mbele yake, kwa sababu mwanamke akikumbushwa huchelewa kuzaa mwingine. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitii. Mwaka uliofuata akazaliwa Muthoka, akapewa jina la baba yangu, na watu wote wakamwita mkubwa. Sikumtaja yule mwingine tena hata mara moja, na nilidhani Nthenya amesahau.

Nilifuta ile tano. Nikaandika sita, ikatoka vibaya, nikaiandika tena.

"Sasa uliza jina," akasema. "Si ndio unauliza watu majina?"

"Hakuwa na jina, Nthenya."

"Ako nalo. Anaitwa Kioko, alizaliwa asubuhi. Siku ya tatu, ile siku wamama wangekuja, nilikaa kwa nyumba peke yangu nikamwita mara moja. Halafu nikanyamaza." Alipumzika. "Watu wananiita Mama Muthoka. Nampenda Muthoka. Lakini kila mara wakiniita, nasikia kuna mmoja ameachwa nje."

Nililiandika jina hilo. Nimeandika majina mengi katika daftari lile, ya machifu na ya wachungaji, na hakuna lililonilemea namna ile. Nthenya alinyoosha mkono akaligusa daftari kwa kidole.

"Na mimi niko na swali moja," akasema. "Ulimpeleka wapi?"

Ningeweza kumwambia nimesahau. Wazo hilo lilipita, naona haya kulisema. Nikamweleza. Mwisho wa tuta la pili, penye mkonge. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulikuwa laini, nilichimba kwa jembe la mkono hadi magoti. Nilipanda mkonge mmoja juu yake ili nipajue, na mingine nikaipanga kuwa mstari ili mtu asiulize.

"Hapo unasemanga kuna mawe," akasema.

"Ndiyo."

"Kila msimu. Mama Muthoka, hapo wacha, kuna mawe, nitalima mwenyewe." Alikuwa ananiiga sauti. "Mwaka wa njaa ile kubwa, ulikuwa semina, nililima. Hakuna mawe. Hata moja hakuna."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja unieleze."

Nililia. Sikulia mama yangu alipokufa, na sikulia mbele ya daktari, lakini siku hiyo nililia nikiwa nimevaa koti la mazishi, daftari mapajani, mpaka Mwelu akaja mlangoni na mama yake akampungia mkono arudi. Nililia kwa sababu miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa anapita kando ya tuta lile na jembe begani, na mimi nilidhani nimebeba mzigo peke yangu.

Niliandika palepale kwenye kiti, kando ya kitanda, bila kuhamia barazani. Kuku waliingia na kutoka. Ilipofika saa saba mchana nilikuwa nimemaliza kurasa tatu, nikamsomea. Alinikatiza mara mbili tu. Mara ya kwanza aliniambia nitoe maneno "hakuwahi kukosana na mtu".

"Nimekosana na Syombua miaka miwili juu ya mbuzi. Atakuwa hapo amekaa. Atashangaa."

Nikayatoa. Mara ya pili ilikuwa mahali pa watoto. Aliniomba nirudie, nikarudia: Mungu aliwajalia watoto sita, Kioko, Muthoka, Nzisa, Ndanu, Mutindi na Mwelu. Alitikisa kichwa taratibu kila nilipotaja jina, kama mama anayehakikisha wote wamerudi nyumbani.

"Na siku hiyo mtu akiuliza?" akasema.

"Nitajibu."

"Wewe?"

"Mimi."

Alinitazama kwa muda, kisha akageukia ukuta akalala. Alifariki mwezi wa tisa, siku ya Alhamisi, Mwelu akimshikia kikombe.

Nilimpelekea Ngigi karatasi mwenyewe. Alipochapa mstari ule hakuuliza kitu, ila alisema tu hii ni tofauti. Watoto wangu sikuwaambia. Nilikuwa nimemuahidi mama yao, lakini kila nilipofungua mdomo mbele yao maneno yalikwama, nikajipa moyo kwamba karatasi itasema kwa niaba yangu. Asubuhi ya mazishi Muthoka alinijia na karatasi mkononi. "Baba, huyu Kioko ni nani?" Nikamwambia tutaongea. Ndivyo anavyosema mwoga yeyote.

Kaburi nililionyesha mwenyewe, mwisho wa tuta la pili, penye mkonge. Wachimbaji walikuwa wamejiandaa na mitaimbo kwa sababu walikuwa wamesikia kuna mawe. Walisema hawajawahi kuchimba mahali rahisi hivyo.

Msimamizi wa shughuli alikuwa Mulwa, naibu wa chifu mstaafu, mtu mwema mwenye sauti ya kufika bondeni. Watu walijaa uani mpaka kwenye matuta. Kwetu kabla ya historia kusomwa, watoto wa marehemu huitwa mbele mmoja mmoja, wasimame mstari, watu wawaone. Mulwa alivaa miwani, akainua karatasi ya Ngigi.

"Tuanze na mkubwa," akasema. "Kioko."

Hakuna aliyesimama. Watu waligeuza shingo. Muthoka, aliyekuwa ameshaanza kuinuka, alibaki ameinama nusu.

"Kioko yuko? Kioko, njoo mbele watu wakuone." Mulwa alingoja. Akaangalia karatasi, akanigeukia, kisha akatabasamu kidogo akijaribu kuniokoa. "Naona hapa mtu wa mashine amechanganya. Ngigi, hii umetoa kwa mazishi ya nani? Watoto wa huyu mama tunawajua, ni watano. Muthoka ndiye mkubwa. Muthoka, kuja."

Ngigi alikuwa ameketi nyuma karibu na matangi ya maji. Aliinamisha kichwa akaipokea lawama isiyo yake mbele ya watu mia tatu. Angeweza kujitetea. Muthoka alikuwa anatembea kwenda mbele. Ningebaki nimekaa, mambo yangekwisha hivyo. Makosa ya mashine, basi, na historia ingesomwa watano, kama nilivyowasomea wengine sitini na moja.

Nilisimama. Nikaushika mgongo wa kiti.

"Mulwa," nikasema, "hakuna makosa. Ngigi ameandika vile nilimpa. Mke wangu alizaa sita. Kioko ndiye mkubwa. Alizaliwa mwaka wa sitini na saba, hakufikisha siku ya tatu. Hawezi kuja mbele kwa sababu amelala pale, tunapompeleka mama yake. Mwite tena, tafadhali, kisha uite Muthoka."

Kamba ya turubai ilikuwa ikigonga mti. Mzee mmoja wa ukoo wangu alikohoa kwa hasira, mambo hayo hayatajwi. Mulwa alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Kioko," akasema, kwa sauti ya chini kuliko mara ya kwanza.

Muthoka alikuwa amefika mbele. Alinitazama, akaangalia tuta la pili, kisha akasogea hatua moja kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja mwanzoni mwa mstari. Wadogo zake walipofika walipanga foleni baada yake, na hakuna aliyeisogelea nafasi ile mpaka historia ikamalizika. Niliisoma mwenyewe. Sauti ya makaburini sikuipata, nikasoma kwa sauti ya kawaida.

Baada ya maziko, watu wakiwa wamepewa chakula, nilikaa pembeni kwenye benchi. Ngigi alipita akanishika bega, nikamwambia samahani, akasema hakuna kitu, mwalimu. Kisha akaja Syombua, yule wa mbuzi, mama mzee wa mwethya, akijikongoja na fimbo. Nilipoiangalia vizuri niliona ni ile fimbo ya mwethya aliyopimia Nthenya, yenye alama za moto kila hatua. Aliketi kando yangu.

"Hiyo daftari yako uko nayo?" akauliza.

Ilikuwa mfukoni mwa koti. Nikamwonyesha.

"Mimi bado niko, lakini niandike mapema. Vijana wangu wakiulizwa watakuambia wanane." Alikuwa anaangalia mkonge, mikono yote miwili juu ya fimbo. "Ni kumi."

Nilifungua daftari mahali palipokuwa peupe. Niliandika kumi, kisha nikamuuliza majina.